Aliyefungwa Anainuka

Katika mabanda ya gemu ya Dodoma ipo sheria moja ambayo hakuna anayeiandika ukutani, maana kila mtu anaijua: aliyefungwa anainuka. Kipyenga cha mwisho kikilia, aliyeshindwa anaweka padi chini, analipia mechi na kumpisha anayefuata. Mshindi anabaki kwenye benchi. Haulizwi mtu umri, wala kazi, wala kabila. Nimemwona mwanafunzi wa sekondari akimwamkia "shikamoo" dereva wa bodaboda mwenye umri wa baba yake, akakaa kando yake, akamfunga tatu bila, na yule mzee akainuka bila neno akaenda kukaa mwisho wa foleni. Kijana hakumcheka. Waliokuwa nyuma ndio waliocheka, na hilo linaruhusiwa.

Wapo wanaoona gemu ni uvivu wa vijana tu. Mimi naona ni jamii yenye adabu zake, mafundi wake, wazee wake na kesi zake. Anayetaka kuujua mji huu wa sasa apite na humo pia, asiishie kwenye ngoma za muheme na mashamba ya zabibu.

Mji wenyewe umejaa wageni. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la manispaa. Ya 2022 ikakuta 765,179. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007 na kuanza kuleta wanafunzi kutoka kila mkoa, Serikali ikaanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Kijana wa Kigogo aliyetoka Mvumi, Mrangi wa Kondoa, Msukuma aliyefuata kazi za ujenzi Mtumba, na mtoto wa mtumishi aliyehamishwa kutoka Temeke, wote wanahitaji mahali pa kufahamiana. Msikiti upo, kanisa lipo, kijiwe cha kahawa kipo. Lakini kwa kijana wa miaka kumi na minane, banda la gemu la Chang'ombe au Majengo ndipo anapojulikana kwanza. Mara nyingi hajulikani kwa jina lake. Huitwa kwa timu anayoichezea. Utani wa makabila na utani wa Simba na Yanga humo vinakwenda pamoja, na mgeni akishaanza kutaniwa ajue amekaribishwa.

Banda huwa la mabati, au chumba kimoja kwenye fremu za maduka. Mlangoni panatundikwa pazia la kitenge, jua lisipige kioo cha TV na vumbi lisiingie. Asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, mwenye banda anayeijua kazi yake hunyunyiza maji sakafuni na nje ya mlango kwa kopo, ndipo afagie. Hafagii pakavu. Kisha huzifunua mashine, maana usiku zimelala zimefunikwa kitambaa, na kupitisha brashi ya kupakia rangi, ile mpya isiyoguswa rangi, kwenye matundu ya feni. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na bandani usipoiona, ujue mashine zake hazitamaliza kiangazi.

Uwanda wa kati ni nchi kavu. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya upepo. Vumbi letu ni laini, linapita penye upenyo wa uzi, na feni ya mashine kazi yake ni kuvuta hewa ya nje ili ipoze vilivyo ndani. Kwa hiyo mashine inajivutia vumbi yenyewe kutwa nzima. Likishaganda kwenye feni joto halitoki, na joto ndilo adui mkubwa. Hata watengenezaji wakubwa limewatesa: mwaka 2007 Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni moja kugharimia Xbox 360 zilizokuwa zikizimika na kuwasha taa nyekundu. PS3 nazo zina taa yao ya njano, na fundi yeyote wa mjini akiiona hushusha pumzi kabla ya kutaja bei.

PlayStation 2 ndiyo mzee wa mabanda. PS3 na PS4 zimeingia, lakini yeye bado yupo. Ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na Sony ikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Sababu za kudumu kwake huku kwetu ni za wazi: haidai intaneti wala bando, inafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na mashine iliyokufa inatoa spea za kuwaponya wenzake watatu. Mimi siitetei kwa ajili ya kumbukumbu za utotoni. Naitetea kwa sababu imetengenezeka mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewafundisha darasani.

Diski ikizunguka bila kusomwa, mtaani husema lenzi imekufa. Mara nyingi haijafa, imefunikwa. Fungua mashine, chukua pamba safi na spiriti kidogo, futa kile kijicho kwa kuzungusha taratibu bila kukandamiza, acha kikauke. Usitumie mate wala pindo la fulana. Pitisha pia tone la grisi nyepesi kwenye reli ambazo lenzi inatembelea, kwa sababu vumbi likichanganyika na grisi ya zamani lenzi inakwama njiani na kelele yake inafanana kabisa na ya lenzi iliyochoka. Ipo dalili nyingine ya kuaminika: mashine ikisoma diski za DVD ikakataa za CD, zile zenye mgongo wa bluu, au kinyume chake, hapo lenzi kweli inaelekea mwisho. Na kando ya lenzi kuna kiskrubu kidogo sana ambacho mafundi wa haraka hupenda kukizungusha. Kinaongeza nguvu ya leza. Diski itasomwa jioni hiyo, mteja atafurahi, na lenzi itaungua kabla ya wakati wake. Fundi mwenye staha hukigusa mwisho kabisa, na humwambia mteja kwanza.

Wengine wameachana na lenzi kabisa, wanapakia gemu kwenye flashi na kuziwasha kwa programu iliyowekwa kwenye memori kadi. Ni njia nzuri, ila mlango wa USB wa PS2 ni wa kizazi cha kwanza na unapitisha data polepole kuliko diski yenyewe, ndiyo maana picha za utangulizi hukwamakwama. Mechi zenyewe mara nyingi zinakwenda salama. Na slimu zilizotoka mwishoni kabisa hazikubali ile programu ya kawaida ya memori kadi, basi usimlaumu aliyekuuzia programu.

Umeme una mambo yake. Ukikatika, chomoa kila kitu ukutani, kwa sababu mashine nyingi huungua wakati umeme unaporudi. Subiri utulie ndipo uchomeke tena. Stebilaiza ndogo ni nafuu kuliko pawa saplai mpya. Ukinunua PS2 nene iliyotoka Japani, soma maandishi ya nyuma kabla hujaichomeka: kule umeme ni volti 100, kwetu ni 230, na kosa hilo halichukui hata sekunde moja kukugharimu. Mashine ikikuuliza tarehe kila inapowashwa, usiipeleke kwa fundi. Badilisha betri ndogo ya ndani, CR2032, inayouzwa kwa mafundi saa. Picha ikitokea nyeusi na nyeupe, mashine ni nzima. Ingia kwenye mpangilio wa TV, mfumo wa rangi uweke Auto au NTSC, rangi zitarudi.

Kuhusu TV nina msimamo ambao vijana wengi wanaupinga: kwa PS2, TV ya chogo inaishinda flati. Flati huipokea ile picha ya zamani, ikaanza kuichakata ili ijaze kioo, na katika kuchakata inachelewa kidogo. Unabonyeza kupiga shuti sasa, mguu unakwenda baadaye. Kwenye chogo kidole na mguu vinakwenda pamoja. Mwenye flati atafute kwenye mpangilio wake sehemu ya gemu aiwashe, itapunguza tatizo bila kulimaliza.

Kesi kubwa ya mabanda pia inatokana na umeme. Dakika ya 80, unaongoza mbili kwa moja, taa zinazima. Nani ameshinda? Nimekuta mabanda yanayosema aliyeongoza baada ya mapumziko amepita, na mengine yanayosema mechi inarudiwa bure, hata kama mwenzako alikuwa amefungwa tano. Anayeamua mara nyingi si mwenye banda, kwa kuwa yeye ana masilahi kwenye fedha. Anaulizwa mchezaji mkongwe zaidi aliyepo, na akishasema hakuna rufaa. Nimeona shauri la namna hiyo likisikilizwa gizani, kila upande ukieleza mpira ulikuwa kwa nani umeme ulipokatika, na mkongwe akiuliza swali mojamoja kwa utulivu ambao ningeutamani kwenye vikao vingi vya watu wazima.

Adabu nyingine ni ndogondogo ila zina uzito. Husimamishi mchezo mwenzako akiwa na mpira mbele ya goli. Humfundishi anayecheza labda akuombe. Anayerusha padi kwa hasira anainunua. Anayekuja na sare za shule saa za masomo anarudishwa, na mwenye banda asiyemrudisha atatembelewa na mama mmoja wa mtaani ambaye hatazungumza kwa sauti ya chini. Na bandani si mahali pa dubwi. Zile mashine za kutumbukiza sarafu ni kamari, zinasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mchezaji wa gemu hukasirika akichanganywa nazo, kwa haki kabisa: dubwi hakuna anayelizoea akawa hodari.

Mechi huchezwa zaidi kwa PES, gemu ya mpira ya Konami, kuliko kwa gemu nyingine yoyote, na zipo sheria zinazozaliwa na gemu yenyewe. Katika PES 6, Adriano wa Inter alipewa nguvu ya shuti kiasi kwamba akigeuka tu kutoka mbali kipa hana kazi. Mabanda niliyocheza yaliipiga Inter marufuku, na sikumbuki aliyelalamika. Wapo watu wazima leo wanaowajua Castolo na Minanda, wachezaji waliotungwa na Konami ambao hawajawahi kuzaliwa, kuliko wanavyowajua mabeki wa Dodoma Jiji. Toleo la mwisho la PES kwa PS2 lilikuwa la 2014, lakini msimu wa Ulaya ukianza diski mpya zinaingia mitaani, jezi mpya na usajili mpya vimebandikwa juu ya gemu ileile ya zamani na mashabiki wenye subira. Ni nakala zisizo na kibali, hilo nalisema wazi. Ila duka la kuuza diski halali za PS2 hapa mjini halipo.

Sasa vijana wanacheza kwenye simu. PES yenyewe iligeuka eFootball mwaka 2021, ikawa ya bure, ya mtandaoni, na FIFA ya EA ikabadili jina 2023. Sina ugomvi na simu. Mwanafunzi wa bwenini mwenye dakika ishirini anacheza nini kingine? Kinachonikera ni wachezaji wanaonunuliwa. Kwenye mtindo huo mwenye fedha anajenga kikosi ambacho mwenzake hatakipata kwa mwaka mzima, kisha wanaitana uwanjani kana kwamba wako sawa. Benchi la banda linawapa wote wawili diski moja, timu zilezile, padi zilezile mbovu. Ndiyo maana dereva wa bodaboda aliinuka bila neno. Alijua hana cha kusingizia. Sheria ya kuinuka haiwezi kusimama pale ambapo mmoja ameingia ameshinda tangu dukani, na kijana akishazoea kufungwa na pochi ya mtu, hujifunza kulalamika badala ya kujifunza kukaba.

Anayetaka kununua mashine ya kutumika kwa ajili ya nyumbani aende na diski mbili zake, moja ya CD na moja ya DVD, aombe kuicheza nusu saa nzima. Dakika tano hazitoshi. Joto hujitokeza baadaye. Asikilize feni: ikivuma kwa nguvu mapema, ndani kumejaa vumbi. Ashike waya wa padi pale unapoingilia kwenye padi, aukunje huku anacheza. Mchezaji akiacha kutii, waya umekatika ndani, na fundi ataukata aulehemu upya kwa bei ndogo. Kisha aulize imetoka wapi. Wengi hukimbilia iliyotoka sebuleni kwa sababu inang'aa. Mimi hununua ya bandani. Imekwaruzika na vibandiko vyake vimefutika, lakini imefunguliwa mara nyingi ikasafishwa, na aliyeisafisha yuko mtaa wa pili. Ya sebuleni huenda haijaonja brashi tangu itoke kwenye boksi.