Bomba, Koki na Kanieneo: Istilahi za Maji ya Nyumbani

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache za maji ya nyumbani, hasa zile zinazohitajika pale maji yanapotoka kwa udhaifu au yanapopotea bure. Tumechagua kuzitazama kutoka Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Sababu zetu ni mbili.

Kwanza, kiangazi cha huko ni kirefu. Mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo Mto Katuma hupungua hadi kubaki madimbwi ambamo viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi husongamana. Katika nchi ya namna hiyo ndoo moja ya maji inayopotea si jambo dogo.

Pili, mji wenyewe unatupa funzo la lugha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Risasi ndiyo iliyoipa kazi ya fundi wa maji jina lake katika lugha kadhaa za Ulaya, kwa kuwa Warumi wa kale walipitisha maji katika mabomba ya risasi, na jina la Kilatini la madini hayo, plumbum, likamwandama fundi hadi leo, ingawa sasa yajulikana kuwa risasi ni sumu. Kiswahili hakikumwita fundi kwa madini, bali kwa chombo chake: fundi bomba. Jina hilo ni zuri na limeenea. Tatizo limo katika neno bomba lenyewe.

1. Mzigo wa neno bomba

Bomba ni neno lililotoka katika Kireno, na huko maana yake ni mtambo wa kuvuta au kusukuma maji. Katika Kiswahili cha leo lina maana zisizopungua tatu: mtambo huo, mrija mrefu unaopitisha maji, na kile kifaa cha kufungulia maji ukutani au juu ya karo. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna madhara. Mtu akisema, "Nenda bombani ukachote maji," hakuna asiyemwelewa.

Madhara huanza chombo kinapoharibika. Tuchukue mfano wa mama mwenye nyumba Makanyagio anayemwambia fundi, "Baba, bomba langu halina nguvu." Fundi aweza kudhani kwamba mtambo umechoka, au mrija umeziba, au kifaa cha kufungulia kimekwisha. Kila dhana ina dawa yake na gharama yake. Si ajabu basi kwamba mara nyingine hununuliwa mtambo mpya, ilhali kilichokuwa kikihitajika ni kusafisha chujio lililojaa mchanga.

Kwa hiyo tunapendekeza mgawanyo ufuatao. Mtambo uitwe pampu. Mrija uitwe bomba. Kifaa cha kufungulia kiitwe koki. Maneno yote matatu yamo tayari midomoni mwa mafundi na wauza vifaa, na istilahi iliyokwisha kupokewa na wenye kazi haifai kutupwa kwa sababu tu ni ya mkopo.

Wako watakaouliza: kwa nini si bilula? Neno hilo limo katika kamusi na lina sauti ya Kiswahili, lakini ni wanunuzi wachache wataliomba dukani. Afadhali neno kilula, ambalo limepata kazi yake katika miradi ya maji vijijini kwa maana ya kituo cha kuchotea maji, liachwe hapo hapo. Neno mfereji nalo hutumika Kenya kwa maana ya koki, lakini kwa mkulima wa mpunga wa Katavi mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini. Bomba la mvua, yaani lile la kuogea, limekwisha zoeleka, tusilisumbue.

Kwamba istilahi za maji zaweza kusimikwa si jambo la kubahatisha. Mamlaka za maji nchini huandika majisafi na majitaka kila moja kama neno moja, kwa maana maalumu ya kihuduma, na wananchi wameyapokea.

2. Kanieneo na mtiririko

Watu wengi husema maji hayana presha, au hayana nguvu. Katika fizikia ya shuleni istilahi ni kanieneo, neno lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, kwa kuwa hupima kani inayokandamiza kila sehemu ya eneo. Yafaa litofautishwe na mtiririko, yaani kiasi cha maji kinachopita kwa muda fulani, kama vile lita kwa dakika.

Kanieneo la maji yaliyotulia hutegemea kimo. Kila mita 1 ya kimo huongeza takriban kilopaskali 10. Tangi lililo mita 3 juu ya koki hutoa kilopaskali 30 hivi, hata likiwa na ukubwa gani. Mwananchi anayenunua tangi pana zaidi ili apate "nguvu" atapata akiba kubwa zaidi, lakini si kanieneo. Akiliinua tangi lile lile mita 2 zaidi, atalipata.

Mtiririko, kwa upande wake, hutegemea pia upana wa bomba. Bomba la robo tatu ya inchi lina nafasi ya kupitisha maji zaidi ya maradufu ya bomba la nusu inchi. Bomba la chuma la siku nyingi hupungua upana kwa kutu ya ndani, hata kama kwa nje laonekana zima. Dalili yake ni hii: ukifungua koki maji hutoka kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha hulegea. Kanieneo lilikuwapo maji yalipotulia. Njia ndiyo nyembamba.

3. Kutafuta kasoro

Mwenye kuzishika istilahi hizo mbili aweza kuuliza maswali kwa utaratibu kabla ya kutoa fedha.

(a) Je, ni koki moja tu iliyo dhaifu? Basi kasoro imo hapo hapo: chujio la mdomoni limeziba, au mpira wa ndani umelika.

(b) Je, ni koki zote? Itazamwe kwanza koki kuu iliyo karibu na dira kama imefunguliwa kikamilifu. Kisha zifungwe koki zote za nyumba na itazamwe dira. Sindano ikiendelea kuzunguka, maji yanavuja mahali.

(c) Je, na majirani wanalalamika? Basi kasoro iko katika mtandao wa mtaa, na anayepaswa kuarifiwa ni mamlaka ya maji. Pampu haifai kuungwa moja kwa moja na bomba la mtaa. Huwanyang'anya majirani maji yao, na mahali penye ufa yaweza kunyonya uchafu wa ardhini. Maji yaingie kwanza katika tangi, ndipo yasukumwe.

4. Vitenzi vya upotevu

Katika jambo hili Kiswahili hakina haja ya kukopa. Maji hutona yanapoanguka tone kwa tone. Huchuruzika yanapotoka kwa mkondo mwembamba. Huvuja yanapopenya mahali pasipopaswa. Hufurika yanapozidi ukingo wa chombo. Mafundi na wateja wakivitumia vitenzi hivi kwa makini, nusu ya kazi imekwisha. Koki inayotona yahitaji mpira mpya. Tangi linalofurika lina boya bovu. Bomba linalovuja chini ya ardhi lahitaji kufukuliwa.

Asidharau mtu koki inayotona. Na iwekwe kikombe cha robo lita chini yake. Kikijaa kwa dakika 10, hiyo ni lita 36 kwa siku, na lita 1,080 kwa mwezi wa siku 30, yaani ndoo 54 za lita 20. Maji hayo yamepita katika dira, nayo yatakuja katika ankara.

Choo cha kuvuta huficha upotevu zaidi, kwa kuwa hakina kelele. Matone machache ya rangi ya chakula yatiwe katika tangi lake, na choo kisitumiwe kwa dakika 20. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini haufungi.

5. Orodha ya istilahi

Ankara: hati ya malipo ya maji yaliyotumika.
Boya: kielea kinachofunga maji tangi linapojaa.
Bomba: mrija wa kupitishia maji.
Dira ya maji: kipimo cha maji yanayoingia nyumbani.
Kanieneo: kani inayokandamiza kila sehemu ya eneo.
Kilula: kituo cha kuchotea maji cha watu wote.
Koki: kifaa cha kufungulia na kufungia maji.
Mtiririko: kiasi cha maji kinachopita kwa muda fulani.
Pampu: mtambo wa kuvuta au kusukuma maji.

Haya ni mapendekezo, wala hatudai kwamba mjadala umefungwa. Mafundi wa Mpanda, Mlele na Tanganyika wana maneno yao ya kazi, na huenda baadhi yake yakafaa kuliko haya. Tunawaomba watuandikie, wakitaja neno, chombo kinachoitwa hivyo na mahali linapotumika. Mama wa Makanyagio akiweza kusema, "Koki ya jikoni inatona, lakini kanieneo ni zuri," fundi atakuja na mpira mmoja mfukoni, na maji yatabaki tangini.