Nuru Itiayo Kiwi

Watu wengi hudhani ya kwamba chumba kikijaa nuru, basi macho yamepata haki yao. Sivyo. Nuru ni kama chumvi katika mchuzi: ikipungua ni taabu, na ikizidi ni taabu.

Tumfikiri mwanafunzi aketiye akielekea dirisha. Ubao uko kando ya dirisha hilo, na nje pana uwanja wa mchanga mweupe upigwao na jua. Mboni ya jicho lake husinyaa ili kujikinga, na nuru ile kali hutawanyika ndani ya jicho kama ukungu. Maandishi ya ubaoni hupotea. Mwalimu humwita mvivu, kumbe ametiwa kiwi.

Kiwi ni cha namna mbili. Cha kwanza humzuia mtu kuona. Cha pili hakimzuii, lakini humchosha: hukunja uso, hugeuza shingo, na jioni kichwa humwuma. Hiki ni kigumu kutambulika, maana aliyekizoea halalamiki.

Wataalamu hupima nuru kwa luksi. Nje penye jua kali la mchana zaweza kufika 100,000. Chumbani mwa kusomea 300 hadi 500 zatosha. Lakini hesabu hiyo peke yake haifunui kiwi, kwa kuwa kiwi hutokana pia na tofauti baina ya king'aacho na vilivyo kando yake. Kwa sababu hiyo, mwaka 2006 Jan Wienold na Jens Christoffersen walitoa kipimo kingine, kilichotokana na majibu ya watu walioketishwa karibu na madirisha. Chini ya 0.35 kiwi hakihisiki sana, kupita 0.45 hakivumiliki.

Asiye na vyombo apime hivi. Aketi mahali pa mwanafunzi, saa za masomo, autazame ubao. Kisha ainue mkono alizibe dirisha machoni pake. Macho yakitulia na maandishi yakidhihirika, kiwi kipo. Arudie asubuhi na alasiri, maana jua huhama.

Dawa yake si ya mali nyingi. Madawati yageuzwe ili nuru iingie ubavuni. Upenu urefushwe. Uwanja uoteshwe majani. Ukuta wenye dirisha upakwe chokaa, ili tofauti ipungue. Naye ajengaye upya karibu na Ikweta aelekeze madirisha kaskazini na kusini, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni hupita chini ya upenu.

Basi, kabla hatujamwita mtoto mzito wa akili, na tuketi kwanza mahali pake.