Fahamu: Msikiti wa kale wa Kizimkazi na ulinzi wa nyumba za ibada

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ni miongoni mwa nyumba za ibada kongwe zaidi Afrika Mashariki zinazotumika hadi leo. Maandishi ya Kiarabu ya hati ya Kikufi yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe, karibu na mihrabu, yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Jengo lilijengwa upya karne ya 18, na kwa paa lake la bati mpita njia huona msikiti wa kawaida wa kijijini. Ukuta wa kibla ndio uliotunza ustadi wa mafundi wa kale, hazina isiyo na mbadala.

Majengo kama hayo huhitaji ulinzi wa kisheria, na Zanzibar ina sheria yake ya mambo ya kale. Kwa Tanzania Bara, sheria ya mambo ya kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Makanisa ya mkoa wa Ruvuma, kwa mfano, hayafikii umri huo: misheni ya Wabenediktini ya Peramiho ilianza 1898, na ya Kigonsera, Mbinga, 1899. Kwa hiyo kanisa la huko, hata likiwa na thamani kubwa kiasi gani, hulindwa na sheria hiyo pale tu waziri anapolitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa.