Palizi ya trekta: Kiti ni kimoja, mtoto akae wapi?

Ukipita Karatu msimu wa palizi, mahindi yakiwa bado hayajafika magotini, utayasikia matrekta kabla ya kuyaona. Mengi ni Massey Ferguson za zamani, baadhi zikiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake, zimefungwa kultiveta nyuma na zinapita taratibu katikati ya mistari. Dereva kageuza shingo, anaangalia nyuma. Na mara nyingi juu ya madigadi, pale kwenye bati linalofunika tairi kubwa, kakaa mtoto.

Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Nilikuwa na miaka saba, likizo ya Pasaka, shambani kwa babu. Mama na bibi walikuwa upande wa pili wakipalilia maharage kwa jembe la mkono, na hapakuwa na mtu wa kubaki na mimi nyumbani. Baba mdogo akanipandisha kwenye madigadi ili nisiwasumbue. Kwangu ilikuwa zawadi. Nilijiona mkubwa kuliko watoto wote wa kijiji.

Mwisho wa mstari alinyanyua kultiveta, akakata kona. Tairi la mbele likaingia kwenye mfereji, trekta likaruka, nami nikaruka upande wa nje. Baba mdogo hakuona. Hakusikia pia, ingawa nililia kwa nguvu zangu zote. Aligundua alipokwisha kunyoosha trekta na kugeuka ashushe meno ardhini. Nilikuwa nimekaa kwenye tope, kandambili moja haipo na mguu wa kushoto umechubuka kuanzia goti. Kovu ninalo mpaka leo.

Sasa naandika habari za afya, na kila msimu wa palizi nikikumbuka siku ile nafanya hesabu. Trekta likipalilia kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, linakwenda karibu mita moja na nusu kila sekunde. Kutoka pale mtoto anapokaa mpaka kwenye tairi na meno ya kultiveta hakufiki hata umbali huo. Hata dereva angeona mara moja, mguu wake usingewahi kufika kwenye breki. Mimi niliokoka kwa kuwa nilianguka kwenye kona, kultiveta ikiwa juu. Ningeanguka katikati ya mstari, nisingekuwa naandika makala haya.

Wazazi wengi hudhani palizi ni kazi salama kuliko kulima, kwa sababu trekta linakwenda polepole na udongo umeshalainika. Kwa mtoto aliyepakiwa, mimi naona ni kinyume. Mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 humtaka dereva apange matairi yake yaache mita moja na nusu kati yao, ili yapite nje ya mistari miwili. Meno ya kultiveta nayo yanapita karibu kabisa na mashina. Akiteleza kidogo tu anang'oa mahindi badala ya magugu, na akizamisha meno kupita kiasi anakata mizizi. Macho yake hayatoki kwenye mstari: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Ukimpa na mtoto wa kulinda, umempa kazi ambayo macho mawili hayaiwezi.

Marekani walikotumia sana trekta la Farmall, lililoanza kuuzwa miaka ya 1920, kultiveta ilifungwa mbele na ubavuni, kwa hiyo dereva aliona meno yakifanya kazi bila kugeuka. Haya yetu yanafuata mfumo wa Harry Ferguson, ambamo zana hufungwa nyuma kwenye mikono ya haidroliki. Ni mfumo mzuri na rahisi kufunga. Lakini ndio unaomfanya dereva ashinde kutwa shingo imepinda, na jioni mgongo wamlalamikia.

Massey Ferguson 135 ilitengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, na nyingi zilitoka kiwandani bila fremu ya chuma ya kumkinga dereva trekta likipinduka. Sweden iliifanya fremu hiyo kuwa lazima kwa matrekta mapya tangu 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Fundi anaweza kukufungia fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya trekta lako, lakini usimwachie achomelee mabomba yoyote tu. Hufanya kazi dereva akiwa amefunga mkanda. Trekta lisilo na fremu usilifunge mkanda, maana likipinduka utabaki chini yake. Tena fremu humkinga aliye kwenye kiti tu, na kiti ni kimoja. Uingereza mtoto aliye chini ya miaka 13 haruhusiwi kisheria kupanda trekta linalofanya kazi ya shamba, hata akiwa na baba yake.

Kelele nazo zina madhara yake. Kama lazima upaze sauti ili asikie mtu aliye hatua moja kutoka kwako, kelele hiyo inatosha kuharibu masikio taratibu, na matrekta ya zamani yasiyo na kabini yanafika huko kirahisi. Usikivu ukipotea kwa njia hiyo haurudi. Dereva avae vizibo vya masikio. Akiwa navyo au bila navyo, hatamsikia mtoto anayelia nyuma yake.

Hatari haiishi injini inapozimwa. Haidroliki iliyochakaa hushuka yenyewe polepole, au ghafla mtoto akigusa wenzo wake. Kultiveta iliyoachwa juu wakati wa chakula ni kivuli kizuri cha kuchezea, na hapo ndipo balaa lilipo. Mwambie dereva ashushe meno ardhini kila anaposimama, hata kama ni kwa kunywa maji tu, kisha achomoe ufunguo. Dizeli nayo isiwekwe kwenye chupa za maji au soda. Mtoto akiinywa, usimtapishe, kwani ikirudi juu inaweza kuingia kwenye mapafu. Mpeleke hospitali na chupa yenyewe.

Ajali ikitokea, zima injini kwanza. Damu ikichuruzika, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia mpaka ikate. Kama kuna chuma kilichochoma ndani, usikichomoe, kandamiza pembeni yake. Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uuweke kwenye maji yenye barafu. Kidole kisigusane na barafu moja kwa moja.

Mtoto aliyepitiwa na tairi apelekwe hospitali hata kama amenyanyuka na anazungumza. Udongo laini wa palizi unaweza kumzuia asivunjike mifupa, huku ini au bandama limepasuka na damu inavujia ndani. Hapo hana jeraha la kuonekana. Anakuwa mweupe midomoni, anatoka jasho la baridi, anasinzia, na watu wanasema mwacheni apumzike. Usimwache.

Majeraha ya shambani pia huingiza pepopunda. Mtoto aliyepata chanjo zake za wiki 6, 10 na 14 ana kinga ya mwanzo, ila kwa jeraha lenye kina na udongo nenda na kadi yake ya kliniki, waangalie kama anahitaji sindano nyingine.

Najua swali la mama anayesoma hapa: basi nimwache wapi? Si kila nyumba ina dada wa kazi, na msimu wa palizi hata bibi yuko shambani. Wanawake wa kwetu siku hizi wanapeana zamu: leo mmoja anabaki na watoto wa nyumba nne, kesho mwingine, na aliyebaki shamba lake linapaliliwa na wenzake. Ukilazimika kwenda naye, chagua mti ulio mbali na mahali trekta linapogeuzia, na awepo mtu mzima wa kukaa naye. Kaka yake wa miaka minane si mtu mzima. Anayepeleka chakula asisogee mpaka dereva azime injini na kushusha kultiveta.

Na kijana anayetaka kujifunza asifukuzwe. Trekta likiwa limezimwa anaweza kushika tepu na kupima nafasi ya meno, kukaza nati, kupaka grisi, kuhesabu mistari iliyobaki. Mimi baba mdogo alinifundisha hayo yote baadaye.

Trekta lenyewe bado analo. Wiki ile ile niliyoanguka alilipeleka kwa fundi, akachomelea sanduku la spana juu ya madigadi ya kushoto na kishikio cha dumu la maji juu ya ile ya kulia. Wageni huuliza kwa nini sanduku kubwa hivyo, wakati spana zenyewe ni nne.