Shuka Mombo

Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi nimepita Mombo mara nisizoweza kuzihesabu, nikielekea Moshi kwa harusi, kwa matanga na kwa haja za kazi, na katika safari zote hizo sikupata kuujua mji ule ila kwa mambo mawili: sauti ya kondakta ikitangaza dakika kumi za kula na kuchimba dawa, na mabeseni ya machungwa yaliyoinuliwa mpaka madirishani na vijana waliokuwa wakikimbia sambamba na basi. Nyuma ya mapaa ya mabati ulisimama mlima, umechongoka kama ukuta, kichwa chake kikiwa ndani ya ukungu. Nami nikautazama kama mtu atazamavyo picha iliyotundikwa katika ofisi ya watu, nikamenya chungwa langu, na basi likaondoka.

Aibu hii si yangu peke yangu. Wengi wetu husafiri kwa wito: twaenda tuitwako na mauti, na ndoa, na shule, na barua ya uhamisho, na aghalabu twaenda kwa haraka, pazia la dirisha limefungwa kwa sababu ya jua, na macho yamekazwa kwenye runinga ya basi inayoonyesha mchezo tuliokwisha kuuona mara tatu. Kwa hali hiyo twazijua ncha za njia zetu lakini hatuujui wasati wake. Na tukisikia habari za utalii twadhani ni jambo la mgeni mwenye kofia pana na gari la kukodi, au la tajiri awezaye kulala katika hoteli ya mbugani, ilhali mengi ya maajabu ya Tanzania yako kando ya barabara ambazo nauli yake tumekwisha kuilipa. Kwa hiyo nasema, baada ya kulijaribu jambo lenyewe, kwamba mtu atakaye kuizuru nchi yake asianze kwa kutafuta mali nyingi wala mahali pa mbali. Na aanze kwa kushuka katikati ya njia aliyoizoea.

Nilifanya hivyo mwezi wa Julai. Basi liliposimama Mombo nilichukua mkoba wangu, nikateremka pamoja na wenye njaa, nikamwambia kondakta waendelee bila mimi.

"Mzee, si tiketi yako ni ya Moshi?"

"Ni ya Moshi."

"Na nauli hairudi."

"Najua, mwanangu. Nashuka tu."

Akanitazama kwa huruma ile wanayotazamwa nayo watu waliopata habari mbaya kwa simu, akagonga ubavu wa basi, wakaenda zao.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, masafa ambayo katika nyika mtu huyamaliza kabla hajakaa vizuri kitini. Lakini njia hii hupanda kwa kujipindapinda, mkono mmoja mwamba na mkono wa pili bonde, na katika kila kona dereva hupiga honi kumwonya mtu asiyemwona. Joto tuliliacha chini kama deni. Mama mmoja aliyeketi kando yangu, kuku wake kampakata, aliniuliza kama nimechukua sweta. Nikamjibu kwamba nijuavyo mimi huku ni Mkoa wa Tanga, na Tanga ni joto. Akacheka hata abiria wa mbele wakageuka. Tulipofika Soni, ambako mto huanguka juu ya miamba karibu kabisa na barabara, nilikuwa nimekwisha kufunga vifungo vyote vya shati. Katika matuta yaliyochongwa kwenye migongo ya milima nikaona kabichi, viazi na karoti, zimepangwa kwa safu kama herufi katika daftari la mwanafunzi mwenye adabu, nikakumbuka kwamba mboga za namna hii nazila Dar es Salaam mwaka hata mwaka, na sikupata hata siku moja kuuliza ni mkono wa nani uliozipanda.

Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal, wakaipenda kwa baridi yake. Lakini adhama ya milima hii ni ya kale kuliko wao. Huku ndiko alikofika Mbega, mwindaji aliyetoka Unguu, ambaye masimulizi yanasema aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, hata wakampa utawala. Na huku ndiko ilikokuwa Vuga, makao ya uzao wake, Wakilindi, ambako Kimweri ye Nyumbai alitawala mpaka kufa kwake mwaka 1862, amri yake ikisikilizwa hadi pwani. Hayo niliyasoma ujanani katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy, na niliyasoma kama mtu asomaye habari za nchi iliyo ng'ambo ya bahari. Basi pale Soni kijana mmoja aliponyoosha kidole na kusema, "Vuga ni kule," nilifadhaika kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua katika nyumba anayoishi. Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Nami nilikuwa nimekaa mlangoni miaka ishirini, nikidai kuwa naijua nyumba.

Hata hivyo kushuka peke yake hakutoshi, na makosa yangu na yawe faida kwa msomaji. La kwanza ni majira. Masika, tangu Machi hadi Mei, hugeuza njia za milimani kuwa utelezi. Kipupwe, tangu Juni hadi Agosti, huleta njia kavu, lakini huleta na baridi ambayo mtu wa pwani huiamini tu baada ya kuilalia. La pili ni malazi. Nyumba ya wageni niliyoipigia simu ilinihakikishia maji ya moto, na kwa kweli hawakusema uongo: maji yalikuwamo katika ndoo, ndoo ilikuwa jikoni, na jiko lilikuwa bado halijawashwa. Afadhali mtu afike mchana, aone chumba kwa macho yake, ajaribu bomba na kitasa, ndipo atoe fedha.

La tatu ni muda, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa maana hupanga siku tatu kama wapakiavyo gunia la mkaa, wakishindilia mpaka lumbesa. Magari ya kwenda vijiji vya mbali huondoka kwa saa zake, mengine alfajiri, na likikupita umekwisha. Atakaye kufika Mtae, kijiji kilichokaa juu ya ukingo wa mwisho wa milima, mbele yake nyika ya Mkomazi imetandazwa kama jamvi, sharti atenge siku ya kwenda, siku ya kukaa na siku ya kurudi. Na siku ile ya kukaa isiwe na ratiba. Nilipata kuwaona mbega katika msitu wa Magamba, mikia yao myeupe ikining'inia kama pindo za kanzu, kwa sababu tu kijana aliyeniongoza hakuwa na haraka, wala mimi sikuwa nayo.

La nne, na ndilo kubwa, ni kuuliza. Muulize mwenye asili ya mahali hapo, ambaye hukosi kuwa naye kazini au mtaani. Fika kwa wenyeji kwa salamu. Patana malipo ya mwongozaji kabla ya hatua ya kwanza. Penye kiingilio lipa na uchukue stakabadhi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mgeni hupewa haya yote na wakala wake. Mwenyeji hana wakala ila ulimi wake.

Wala Mombo si peke yake. Aendaye Mtwara kwa basi hupita Nangurukuru, akaiona kama njia panda ya kunywea chai, na hali mkono wake wa kushoto iko njia ya Kilwa Masoko, ambapo mtu hupata kibali na mashua ya kumvusha hadi Kilwa Kisiwani, mji alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331, ambao magofu yake, Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Aendaye Arusha kutoka Dodoma hupita Kolo, wilayani Kondoa, ambako juu vilimani watu wa zamani sana walichora kwa rangi nyekundu watu na wanyama katika mapango ya mawe. Na kwa kuwa pako mahali ambapo wenyeji wangali wanafanya matambiko, mtu na aende kwa heshima ya aingiaye nyumba ya ibada. Na dereva wa lori aendaye Tunduma hupita wilaya ya Mbozi, ambako chuma kilichoanguka kutoka mbinguni, chenye uzito wa zaidi ya tani 10, kimelala kimya, kikingoja mtu mwenye saa moja ya nafasi.

Asubuhi ya mwisho huko Lushoto nilikwenda kwa miguu Irente. Njia hupita mashambani na penye nyumba za watu, watoto wakiamkia kutoka kila uga, kisha ghafula ardhi hukoma. Nilikuta ukungu umejaa mpaka miguuni, na mzee mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe akanishauri nikae.

"Shikamoo, baba. Utaondoka huu?"

"Marahaba. Utaondoka. Wewe una haraka ya nini?"

Nikakaa juu ya jiwe. Baada ya muda upepo ukaufungua ukungu kama mtu afunguaye pazia kwa mkono mmoja, na chini yangu, mbali sana, ikatokea Mazinde, na mashamba ya mkonge yaliyopigwa mistari, na nyika ya Wamaasai isiyo na mwisho. Na katikati ya hayo yote, nyembamba kama uzi, barabara yangu. Basi moja lilikuwa likienda Moshi, dogo kama punje ya mchele. Humo, bila shaka, alikuwamo mtu aliyekuwa akimenya chungwa, akautupia macho ukuta huu wa mawe na kudhani kwamba juu yake hakuna kitu. Nikainuka, nikampungia mkono, ingawa nilijua hanioni. Kwa maana mimi nami, miaka yote ile, sikumwona mtu aliyesimama hapa.