Chipu ya mbwa wako haijui kwamba umehama

Tuseme unaishi Leicester, Uingereza. Ni usiku wa fataki, mbwa wako anashtuka, anaruka ua na kutokomea. Kesho yake msamaria mwema anamkuta barabarani na kumpeleka kwa watu wa halmashauri wanaoshughulikia mbwa waliopotea. Mfanyakazi anapitisha kifaa juu ya mabega yake, kinalia "pii!", na namba ya tarakimu 15 inatokea. Anaitafuta kwenye rejesta. Jina lako lipo, na namba ya simu ipo. Anapiga, haipatikani. Ni ile laini uliyoacha kuitumia miaka miwili iliyopita.

Angalia hapo: chipu imefanya kazi, kifaa kimefanya kazi, na mfanyakazi naye amefanya yake. Kilichokwama ni mstari mmoja tu wa maandishi, na ni wewe pekee uliyeweza kuurekebisha.

Ndani ya chipu kuna nini?

Wengi wetu tunadhani chipu inaonyesha mnyama yuko wapi, kama GPS ya gari. Hapana. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, urefu wa milimita 12 hivi, kilichofunikwa kwa kioo kisichodhuru mwili. Daktari wa mifugo hukiingiza chini ya ngozi kwa sindano, kwa kawaida kati ya mabega. Hakina betri. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba na saketi ndogo iliyohifadhi namba, basi.

Sasa bila betri kinapata wapi umeme? Kwenye kifaa kinachokisoma. Kifaa hicho hutoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika kwa kasi, na uga huo ukipita kwenye koili huzua mkondo wa umeme. Ni kanuni ileile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo inayofanya kadi ya benki ilipe kwa kugusishwa tu kwenye mashine. Chipu huamka kwa kitambo kidogo, hutaja namba yake, kisha hulala tena. Ndiyo maana lazima kifaa kiwe karibu sana, sentimita chache tu. Hakuna setilaiti inayomfuatilia mbwa wako.

Na hiyo namba yenyewe haina jina wala anwani. Kwa chipu zinazofuata viwango vya kimataifa vya ISO, tarakimu tatu za mwanzo huonyesha nchi au kampuni iliyotengeneza chipu, na zilizobaki humtambulisha mnyama mmoja. Jina lako na simu yako vimekaa kwingine kabisa, kwenye kanzidata. Yaani chipu ni kama namba ya ubao wa gari: haina maana mpaka mtu afungue rejesta aone imeandikwa nini.

Rejesta ikizeeka

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Linda Lord walichapisha utafiti uliofuatilia wanyama 7,704 wenye chipu walioingia katika vituo 53 vya kuhifadhi wanyama. Miongoni mwa mbwa waliookotwa wakizurura, takriban 22 kati ya kila 100 walirudi kwao. Waliokuwa na chipu, 52 kati ya 100. Kwa paka tofauti ilikuwa kubwa zaidi: chini ya 2 kati ya 100 kwa jumla, lakini 38 hivi kwa wenye chipu. Ni kweli, huenda mtu anayeweka chipu ni yuleyule anayemtafuta mnyama wake kwa bidii zaidi, kwa hiyo sifa zote si za chipu. Hata hivyo, pengo ni kubwa.

Lakini karibu robo ya wanyama wenye chipu, wenyewe hawakupatikana. Kwa nini? Sababu iliyoongoza ilikuwa namba ya simu iliyokosewa au iliyokwisha kukatwa: zaidi ya theluthi moja. Wengine chipu zao hazikuwa zimesajiliwa kabisa.

Saa inapiga

Tukirudi Uingereza, kila mbwa aliyefikisha wiki 8 anatakiwa awe na chipu tangu Aprili 2016. Paka waliofikisha wiki 20 waliongezwa kwenye sheria ya England Juni 2024. Faini hufika pauni 500. Na kuchomwa sindano hakutoshi: taarifa zako kwenye kanzidata lazima ziwe sahihi. Ukimchukua mbwa wa mtu mwingine, usajili uhamie kwako.

Ila faini si kitu cha kukuumiza kichwa sana. Cha kuogopa ni hiki: mbwa aliyeokotwa na halmashauri huwekwa siku 7. Zikiisha bila mwenyewe kupatikana, sheria inaruhusu apewe mtu mwingine au hata auawe. Siku saba za kupiga namba isiyopatikana zinakwenda haraka.

Fanya hivi leo

Tafuta namba ya chipu kwenye kadi ya chanjo. Huna? Mwombe daktari wa mifugo amsome mnyama, na ufanye hivyo kila mwaka, kwa sababu chipu wakati mwingine husogea chini ya ngozi. Kisha iandike namba hiyo kwenye tovuti ya kutafutia chipu, itakuambia imesajiliwa kanzidata gani. Usidhani daktari aliyeweka chipu ndiye anayebadilisha taarifa zako ukihama. Hiyo ni kazi yako. Ongeza na namba ya pili, ya ndugu au rafiki asiyebadilisha laini ovyo.

Hakikisha pia kanzidata yenyewe bado ipo. Mapema 2025 kampuni moja ya chipu huko Texas ilifunga ghafla, na wateja wake wakalazimika kusajili upya kwingine.

Na wewe unayepanga kusafiri na mbwa kutoka Nairobi au Dar kwenda Ulaya, zingatia mpangilio: chipu kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa baadaye au siku hiyohiyo. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Ukishafika, sajili namba hiyo huko kwa simu unayoitumia huko. Rejesta yenye laini uliyoiacha nyumbani haitakusaidia, laini isiyotumika muda mrefu kampuni za simu huweza kumpa mtu mwingine, na huyo akipigiwa kuhusu mbwa atajibu tu, "Samahani, umekosea namba."