Mbwa Anayeogopa Radi

Mvua zikianza huku kwetu Bariadi, Itilima na Meatu, ngurumo huja pamoja nazo. Familia nyingi zimeliona jambo hili: wingu linatanda, na mbwa mkali wa nyumbani anaanza kutetemeka, kuhema na kudondosha mate. Wengine humpiga. Wengine hudhani ameshikwa na kichaa. Mwezi huu tunapenda kueleza tofauti yake, maana kukosea hapa kunaweza kugharimu uhai wa mtu.

Mbwa husikia sauti nyingi ambazo masikio yetu hayazipati. Hofu yake ni ya kweli, si ukaidi. Basi tumsaidie hivi:

1. Tusimfunge nje kwa mnyororo, wala chini ya mti. Tumwachie nafasi stoo, jikoni au uvunguni, na tufunge mlango asikimbie.

2. Tusimpige wala kumvuta kutoka alikojificha. Akitujia mwenyewe, tumpapase kwa utulivu. Kufanya hivyo hakumwongezei woga.

3. Watoto wasimsogelee akiwa amejificha. Mbwa mwenye hofu huweza kumuuma hata anayempenda.

4. Ngurumo zikiwa bado mbali, tumpe mfupa au ugali kidogo, ili azoee kupata jambo jema wakati huo.

5. Tusimpe pombe wala dawa za binadamu.

Hofu ya radi hupungua dhoruba ikipita. Kichaa cha mbwa hakipungui: mnyama hubadilika tabia, huuma bila kuchokozwa, hushindwa kumeza, hupooza, na hufa baada ya siku chache. Mkiwa na shaka, msimguse. Mwiteni afisa mifugo.

Tena, mbwa aliyetoroka kwa hofu anaweza kuumwa na mwenye kichaa huko alikokimbilia. Kwa hiyo apate chanjo kila mwaka. Mtu akiumwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Msingoje dalili, zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kitabu cha Tobiti kinasimulia kwamba Tobia aliposafiri na malaika Rafaeli, mbwa alifuatana nao. Mbwa wetu naye hukesha akilinda zizi. Saa chache za radi, tumlinde yeye.